Kipande cha Reli

Kwanza niseme la kidole, maana watu hulikosea.
Hakukipotezea ulingoni.
Kilikatikia Stesheni ya Tabora, masika, saa nane usiku,
katikati ya bafa mbili za mabehewa ya karanga za Urambo,
naye akakifunga kwa kitambaa cha bendera nyekundu
akamaliza zamu.
Ndipo wakamwita Bafa.
Jina lake Mihayo Luhende.
Mimi ni binti yake wa nne, mshika saa.

Saa yenyewe hatukuwa nayo.
Nilikuwa na kopo lililotobolewa kwa msumari,
mchanga ukivuja, mchanga ukivuja,
ukiisha nagonga kipande cha reli
kilichoning'inia kwa waya nyuma ya karakana:
ngaa!
wanaume wawili wanaachana, wanatema, wanakaa.

Kamba zilikuwa za katani, nguzo mataruma.
Turubai lilikuwa limefunika chumvi ya Uvinza miaka mingi
kabla halijawa ulingo.
Aliyeanguka hakuhitaji kuambiwa ameanguka;
kidonda kilimwambia.

Alfajiri alikimbia kwa kuruka taruma hadi taruma
mpaka kwenye ishara ya mbali,
michembe mfukoni, viatu mkononi
(viatu vilikuwa vya kazi, si vya kuchezea),
na mama akisema, heri mume mlevi,
huyo angalau hulala.

Mwaka wa hamsini na sita akashuka Tambwe Kitumbo,
kuli wa gati la Kigoma, bega kama mlango,
na behewa zima la daraja la tatu nyuma yake,
wanaimba, wananuka dagaa, wanatuita wala asali.
Raundi nane. Bingwa wa Reli, kutoka ziwani hadi pwani.

Ya kwanza yetu. Ya pili yao.
Ya tatu sikuiona, nilitazama kopo.
Ya nne baba alicheka, nikaogopa,
kwa kuwa nyumbani hacheki.
Ya sita
ngumi ilitoka chini, sijui wapi,
na baba akalala kwenye chumvi
kama mtu aliyefika kwake.

Moja, akasema mwamuzi, karani wa tiketi.
Mbili.
Tano, na jicho lake la kushoto liliniangalia
au liliangalia tu.
Saba.
Mchanga ulikuwa umebaki theluthi.
Nikagonga.

Hakuna aliyetazama kopo. Nani hutazama kopo la mtoto?
Wakamkalisha, wakammwagia maji.
Raundi ya nane Kitumbo alishuka taratibu,
goti, kiganja, shavu,
na Tabora ikapiga kelele hadi mbwa wa Cheyo wakaitikia.

Mkanda aliushona fundi viatu wa Gongoni,
bamba likakatwa shaba ya bomba la injini.
Aliuvaa mara mbili.
Mwaka wa njaa aliupeleka kwa fundi yuleyule,
ukarudi ndala jozi moja, namba ya mguu wangu.
Hivyo nilikwenda shule nimevaa ubingwa nyayoni,
nao uliisha upande mmoja, kisigino cha kulia,
kama kiatu chochote.

Sasa ana mkono unaotetemeka na mwingine unaoushika.
Majina ya wajukuu yamemtoka; ya injini, hata moja.
Shule ya jirani nayo ina kengele ya kipande cha reli.
Kila ikilia baba husimama, kidevu chini,
ngumi ya vidole vinne mbele,
na watoto huchungulia kwenye ua wakicheka.
Nilikwenda kumwomba mwalimu mkuu abadilishe.
Akasema, mama, kengele ni kengele.

Basi nimejifunza kumshika kiuno.
Imekwisha, baba. Keti.
Huketi. Hupumua kwa mdomo.
Kisha huuliza, hanitazami, huutazama ua:
“Mchanga uliisha?”

Uliisha, baba.

“Wote?”